Kologwe na Korogwe

Kijana mmoja wa Handeni, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, alinijia ofisini siku moja na shida ambayo hapo mwanzo sikuielewa. Alikuwa ameiamuru mashine impatie kila sentensi yenye jina la Korogwe katika matini za zamani na za sasa alizokuwa amezikusanya, kwa nia ya kuifundisha kutambua majina ya mahali. Mashine ilimletea habari nyingi za miaka ya karibuni, na chache za zama za utawala wa Waingereza, lakini za kabla ya hapo haikumletea hata moja. "Mwalimu," aliniambia, "utadhani mji huu umezaliwa baada ya Vita vya Kwanza." Nilimwambia atafute Kologwe, kwa herufi l. Kesho yake alirudi akicheka. Mji ulikuwa umeonekana, na pamoja nao kurasa kadhaa za barua na ripoti ambazo zilikuwamo katika mkusanyo wake siku zote.

Walioandika Kologwe ni wamisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambao walikuwa na kituo hapo katika miaka ya 1890. Wenyeji wa nchi waliwaandika Wazigula, na milima iliyo kusini-magharibi ya Handeni waliiita Ngulu. Sisi leo twaandika Korogwe, Wazigua na Nguu. Mtu yeyote wa Tanga akiyaona majina hayo huyatambua mara moja, maana akili yake huvuka kutoka herufi moja hadi nyingine bila ya yeye mwenyewe kujua. Mashine haivuki. Kwake Kologwe na Korogwe ni miji miwili, kama Tanga na Tabora.

Elimu aliyokuwa akiisoma kijana yule huitwa siku hizi uchakataji wa lugha asilia, yaani ufundi wa kuiwezesha kompyuta kusoma, kuchambua, kutafsiri na kutunga maneno ya wanadamu. Wanafunzi wake hukuta darasani hesabu za uwezekano, aljebra na uandishi wa programu, nami siutilii shaka ulazima wa mambo hayo. Ila huyakuta maneno yenyewe yamekwisha kupangwa katika mafaili, wakayachukua kama mtu achotaye maji mtungini asiulize nani aliyeyateka wala kisima ni kipi. Dai langu katika insha hii ni kwamba maneno hayo yana historia. Kwamba sehemu ya historia hiyo ilitendeka Korogwe, Handeni na ujirani wake. Na kwamba asiyeijua atafanya makosa ambayo hesabu zake, hata zikiwa sahihi namna gani, hazitamwonyesha.

Tuanze na nchi yenyewe. Mto Ruvu, ambao ramani nyingi huuita Pangani, hupita Korogwe ukielekea pwani, na katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka mji wa Pangani iliufuata mto huo kwenda bara. Kaskazini yake ilikuwa milima ya Usambara na mji wa Vuga, makao ya Kimweri, ambaye Ludwig Krapf alimzuru mwaka 1848. Kusini yake ilikuwa nchi ya Wazigua. Kwa hiyo mtu aliyesimama Korogwe aliweza kusikia Kizigua upande mmoja, Kisambaa upande wa pili, Kibondei mashariki, na Kiswahili cha wasafiri katikati. Hapakuwa mahali pabaya pa kuanzia elimu ya lugha, na kwa kweli ilianzia karibu na hapo. Edward Steere alichapisha Unguja mwaka 1867 mkusanyo mdogo wa maneno na sarufi ya Kisambaa. H. W. Woodward alitoa wa Kibondei mwaka 1882, na baadaye wa Kizigua. W. H. Kisbey, padre aliyekaa Korogwe, alitunga mazoezi ya Kizigua, kisha mwaka 1906 ikatoka London kamusi yake ya Kizigua na Kiingereza.

Naomba tukae kidogo na kamusi ya namna hiyo, kwa sababu aghalabu wanafunzi wa kompyuta huidharau kama kitu cha makumbusho. Mtunga kamusi alikuwa na sikio lake la Kiingereza, kalamu, na watu wa nchi aliowauliza. Kila sauti iliyotoka kinywani mwao ilimlazimu kukata shauri. Je, hii ni l au r? Je, neno liwekwe katika umoja au wingi? Kitenzi kiorodheshwe kwa shina lake au kwa umbo lililosikika? Mashauri hayo ndiyo yaleyale ambayo mwanafunzi wa leo hufundishwa kwa majina mapya na kudhani kwamba yalibuniwa pamoja na kompyuta. Kuna na jambo zito zaidi. Kizigua ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hutenganisha maumbo ambayo konsonanti na vokali zake ni zilezile. Wanaisimu Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth waliliandikia jambo hili mwaka 1990, na toni za lugha hiyo zikawa mfano unaojulikana na wachunguzi wa fonolojia duniani. Lakini maandishi ya kawaida ya Kizigua hayaonyeshi toni. Msemaji akisoma huirudisha mwenyewe kutoka moyoni, kama vile msomaji wa hati za Kiarabu anavyozirudisha irabu zisizoandikwa. Mashine iliyolishwa maandishi hayo haina moyo wa kurudishia. Itajifunza lugha ambayo haijapata kusemwa na mtu, yenye silabi zote na bila wimbo wake.

Wakati huohuo, si mbali na Korogwe, kulikuwa kunachapishwa kitabu cha namna nyingine kabisa. Magila, katika kituo kikuu cha misheni hiyohiyo, kilianza kutoka mwaka 1895 Kitabu cha Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi. Humo imo habari ya Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, akapita Kilindi, na mwisho akatawazwa Vuga. Njia ya Mbega ni njia ya wilaya za leo: Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni hadi mwaka 2002 ilipofanywa wilaya yake. Mwandishi aliwajua watawala wa Kikilindi kwa kuishi karibu nao, naye aliandika Kiswahili cha Mrima kilichokwisha kukaa sana na bara, miaka zaidi ya 30 kabla ya mtu yeyote kuamua Kiswahili sanifu kiweje. Kilichapishwa upya Nairobi mwaka 1962, chini ya uangalizi wa J. W. T. Allen, na wanahistoria hawajaacha kukitumia. Siku nilipompa kijana yule kurasa chache za kitabu hicho azipitishe katika programu yake ya kuchambua maneno, programu ilikwama mara nyingi kuliko ilivyokwama katika gazeti la juzi. Alitaka kuyafuta maneno yaliyoishinda, akiyaita takataka. Hapo tuligombana kidogo. Neno lisilojulikana na mashine si takataka kwa sababu hiyo tu. Mara nyingine ni ushahidi kwamba mashine ilisomeshwa kwa Kiswahili cha mahali pengine.

Mahali hapo pengine twapajua. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliyopitisha miswada na kuisahihisha. Sina nia ya kuufufua ugomvi wa Kimvita na Kiunguja, ambao wengine wameuzungumza vya kutosha. Nataka tu msomaji aone kilichotokea Korogwe. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika hapo mwaka 1902. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka uleule wa 1893 na Richard Hindorf, ulienea kandokando ya reli, na mashamba yakahitaji mikono. Watu waliletwa kutoka majimbo ya mbali kwa mikataba, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Watu hao hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili, nao walikijenga upya kila siku katika mistari ya mkonge, katika kambi na katika ugomvi wa posho. Hicho ndicho Kiswahili kilichosemwa na watu wengi katika Korogwe kwa nusu karne. Kiko wapi katika maandishi? Vitabu vya shule viko, ripoti za mabwana shauri ziko. Wenye kusema walihesabiwa mmoja mmoja, na maneno yao hayakuhesabiwa.

Historia ya mashine zenyewe nitaipita upesi, kwa maana imeandikwa katika vitabu vingi. Tarehe 7 Januari 1954, katika jiji la New York, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha hadharani kompyuta iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 kutoka Kirusi kwenda Kiingereza, kwa msamiati wa maneno 250 na kanuni sita. Magazeti yalitabiri kwamba kazi ya tafsiri ingekwisha katika miaka michache. Miezi sita kamili baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam, ikakichukua Kiswahili kuwa lugha ya mikutano yake, Korogwe na Handeni zikiwamo. Mwaka 1966 tume ya wataalamu huko Marekani ilitoa taarifa kwamba tafsiri ya mashine haijafikia lengo, na fedha zikapungua. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Tanzania na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 1964, nacho kilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kazi hizi mbili, ya mashine na ya kamusi, zilikuwa bado hazijuani.

Zilijuana Helsinki. Arvi Hurskainen, Mfini aliyekwisha kuishi Tanzania, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1984 juu ya ufugaji na jamii ya Waparakuyo, ambao watu wa Handeni wanawafahamu vizuri kwa ng'ombe wao na kwa minada yao. Mwaka mmoja baada ya tasnifu hiyo alianza kutengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili. Bahati, au pengine si bahati, ni kwamba mjini humohumo Kimmo Koskenniemi alikuwa ameonyesha mwaka 1983 njia mpya ya kuyachambua maneno kwa ngazi mbili. Katika ngazi ya ndani neno huwekwa katika vipande vyake. Katika ngazi ya nje huwekwa kama linavyoandikwa. Na kanuni husimama katikati kueleza jinsi moja inavyogeuka nyingine. Kwa mfano, ndani tunalo ma na ino, nje tunaona meno. Ndani tunalo wa na izi, nje tunaona wezi. Kanuni moja, ya a na i kuungana kuwa e, hutosha kwa yote mawili na kwa mengine mengi.

Kwa nini njia hii ilifaa Kiswahili kuliko zile zilizotoka Marekani? Kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya Kifini, lugha ambayo nayo hurundika viambishi juu ya shina hata neno moja likawa sentensi. Kiingereza hakina haja kubwa ya elimu hiyo. Mtu wa Kiingereza aweza kuyaweka maneno yake yote katika orodha na kuondoka. Lakini nani awezaye kuorodhesha kila umbo la kitenzi andika, pamoja na kila nafsi, kila njeo, kila ngeli na kila kauli? Nalipenda somo hili na huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka: Kiswahili kilisaidiwa na lugha ya watu wachache wa nchi ya baridi, si kwa wingi wao, bali kwa kuwa walikuwa na taabu kama yetu.

Na tuijaribu programu ya kanuni kwa majina ya nyumbani. Mpe Korogwe bila ya kumwambia kwamba ni mji. Atakiona kitenzi koroga, ataiona w ya kutendwa, ataiona e ya mwishoni, naye atauliza mtenda yuko wapi na kitu gani kinatakiwa kikorogwe. Mpe Handeni. Atadhani ni ni ya mahali, kama nyumbani na shuleni, ama ni ni ya kuwaamuru watu wengi, kama njooni na nendeni. Kanuni zote hizo ni za kweli, na majibu yote ni ya uongo. Dawa yake ni orodha ya majina iliyoandikwa kwa mkono na mtu anayeijua nchi. Sentensi nazo zina mitego yake. "Waache wale" ni kusema uwaruhusu kula, ama ni kusema uachane na watu wale. Aliye mezani anajua, ila aliye mbali lazima atazame maneno yaliyotangulia. Kazi kubwa ya miaka mingi ya wataalamu imekuwa kuifundisha mashine kutazama huko nyuma.

Kutokana na kazi ya Helsinki ilipatikana hazina ya matini za Kiswahili, ambayo toleo lake la mwaka 2004 lilikuwa na maneno kama milioni 12.5, na toleo lililofuata kama milioni 25. Humo yamo magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge. Kila neno limewekewa alama ya aina yake. Ilikuwa zawadi kubwa, nami ni mmoja wa walioitumia. Kisha ukaja mtindo mpya, wa kuiacha mashine ijifunze yenyewe kutokana na mifano badala ya kuandikiwa kanuni. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha walionyesha kwamba mashine yaweza kujifunza kuainisha maneno ya Kiswahili kwa njia hiyo. Mifano waliyoitumia ilitoka katika hazina ileile ya Helsinki. Angalia basi nasaba ilivyo: programu ya kanuni iliweka alama, na programu mpya ikajifunza kutoka kwa alama hizo. Mtoto akirithi pua ya babu hatushangai, na makosa nayo hurithiwa hivyohivyo.

Tangu mwaka 2016 hivi umeenea mtindo wa tatu, wa kuyakata maneno vipande kwa kufuata jinsi herufi zinavyotokea pamoja mara nyingi, pasipo kuuliza maana. Neno hawatakuandikia lina vipande saba anavyovijua kila mwalimu wa sarufi: ha, wa, ta, ku, andik, i, a. Mashine iliyojifunza kukata kwa matini ambazo nyingi ni za Kiingereza hulipasua pasipo na kiungo, kama mchinjaji asiyejua nyama, na mara nyingi huhitaji vipande vingi kuliko inavyohitaji kwa neno la Kiingereza. Mashine hizi kubwa za siku hizi, zilizofuata ugunduzi wa mwaka 2017 na kuwafikia watu wote mwishoni mwa mwaka 2022, hutunga Kiswahili kinachosomeka vizuri. Nimekisoma. Kimenyooka, kina adabu, na kinafanana na taarifa ya habari. Hapana ajabu. Mwaka 2021 Waafrika waliojikusanya chini ya jina la Masakhane, jumuiya iliyoanza mwaka 2019 na ambayo naiheshimu sana, walitoa matini za kufundishia utambuzi wa majina katika lugha kumi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Matini za Kiswahili zilitoka katika habari za Sauti ya Amerika. Kazi ni nzuri, na zipo kwa kila mtu bila malipo. Lakini fikiri: kijana wa Handeni akitaka mashine iyajue majina ya Mkata, Kabuku na Mombo, huanza na habari zilizotungwa Washington.

Sasa nifikie jambo lililonitia uchungu zaidi. Wataalamu wa mashine huzitambua lugha kwa alama za herufi tatu zilizowekwa kimataifa mwaka 2007. Kizigua kina alama yake, ziw. Ipo na alama nyingine, xma, ya lugha iitwayo Mushungulu, ambayo imeandikwa kuwa ya Somalia. Mwanafunzi asiyejua historia atafanya zile za kwanza kuwa data za Tanzania na zile za pili kuwa data za Somalia, na kila moja ataiona ni ndogo mno kufaa kwa lolote.

Ukweli ni kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa ukame na njaa iliyoikumba nchi ya Wazigua, watu wengi walichukuliwa utumwani kupitia pwani hadi Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji vyao katika bonde la mto Juba, na kizazi baada ya kizazi hawakuiacha lugha. Mapokeo yao humtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wengi walikimbia. Wengine walifika makambi ya Kenya, na kutoka huko maelfu walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Wengine walikuja Tanga, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu, kisha wakahamishiwa makazi ya Chogo, na serikali ikawapa wengi wao uraia. Walirudi katika nchi ambayo babu zao waliitoka kwa minyororo, wakawasalimu wenyeji kwa lugha ambayo wenyeji waliielewa. Lugha yao huiita Chizigula.

Hivyo leo katika wilaya moja ya Tanzania wenye ziw na wenye xma huweza kukutana katika gulio moja na kupatana bei. Mashine peke yake ndiyo inayohitaji mkalimani. Siwalaumu waliotoa alama hizo. Walikuwa na maelfu ya lugha mbele yao, na vitabu vilivyowaambia kwamba hawa wako Juba na wale wako Tanga. Namlaumu mtafiti atakayezipokea bila ya kuuliza, hasa akiwa ni mtoto wa Handeni.

Kijana wangu alipofika wakati wa kuchagua mada ya tasnifu alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchukua habari za magazeti ya Kiswahili na kuifundisha mashine kuzigawa: siasa, michezo, uchumi, afya. Data zipo, watu wamekwisha kupima, na mwanafunzi huweza kuonyesha kwamba ameongeza alama mbili juu ya aliyemtangulia. Hufaulu. Njia ya pili ilikuwa Kizigua. Huko hakuna data za kutosha, hakuna wa kulinganishwa naye, na mtahini aweza kumwuliza kwa nini jedwali lake lina safu moja tu. Muda wa masomo ni mfupi, na ada inalipwa na mama mwenye shamba la mahindi. Sikuweza kumwambia kwa moyo mweupe kwamba njia ya kwanza ni ya woga.

Kuna wenzangu wasemao kwamba Kiswahili chatosha, na kwamba kupeleka kompyuta katika Kizigua ni kurudisha ukabila. Sikubaliani nao. Bibi wa Kwamsisi aelezaye ugonjwa wake kwa Kiswahili huku sauti zake zikiwa za Kizigua hana ukabila. Ana homa, na mashine ya kuandika usemi ikimsikia vibaya, homa itaandikwa vibaya. Wala sikubaliani na wale wadhanio kwamba kurundika Kizigua chochote ndani ya mashine ni msaada. Hadithi ya ukoo ina mwenyewe, tena nyingine hazisimuliwi mchana. Tangu mwaka 2022 kijiji cha Msomera, katika wilaya hiyohiyo, kimepokea kaya zilizotoka Ngorongoro, na Kimasai husikika Handeni kuliko zamani. Kesho patatokea mtu wa kukikusanya hicho pia, na maswali ya ruhusa yatakuwa ni yaleyale.

Mwisho alichagua njia ya katikati, ambayo nadhani hakuna mtahini atakayeipenda kwa mara ya kwanza. Aliichukua kamusi ya Kisbey, ambayo umri wake umekwisha kuitoa katika haki za uchapaji, akaanza kuiingiza katika kompyuta neno kwa neno. Kila neno alilisoma mbele ya watu wawili: mzee wa Handeni mjini, na mtu mzima wa Chogo aliyezaliwa Juba. Aliwarekodi kwa simu, ili toni zisipotee tena. Kusudi lake lilikuwa kuonyesha kwa hesabu kwamba ziw na xma ziko karibu kiasi gani, na kama mashine iliyofundishwa kwa moja yaweza kuisaidia ya pili.

Walikwama siku ya kwanza, na katika neno la kwanza, nalo ni jina la lugha. Mzee wa Handeni alitaka liandikwe Kizigua, kama lilivyo katika karatasi za serikali. Mtu wa Chogo alisema yeye hajapata kuisikia lugha hiyo. Aliyofundishwa na mama yake ni Chizigula. Kijana alifungua kitabu cha mwaka 1906 kuwasuluhisha, na jalada lilikuwa na l. Mzee alitazama kwa kitambo, akasema kwamba hata bibi yake alilitamka hivyo, na kwamba yeye aliiacha ile l shuleni, kwa sababu mwalimu alikuwa akiisahihisha kwa wino mwekundu.

Katika jedwali la kijana yule sasa mna safu tatu za tahajia na moja ya sauti. Maneno yaliyoingizwa hayajafika herufi m.